Dawa Isiyopungua Nusu kwa Nusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa saa ya mkononi kabla ya kupewa koti jeupe. Ilikuwa katika maabara ya utafiti wa dawa za malaria mjini Tororo, nyumba ndefu yenye bati lililogeuka kijivu kwa vumbi la saruji. Mkuu wa Maabara, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alinifunga saa ile mwenyewe, akailinganisha na ya ukutani, kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini.

"Kuchukua damu, madamu."

"Damu hata mbu anachukua," akasema. "Wewe umekuja kuandika saa."

Wenzangu wawili waliokuwa wakipanga chupa wakacheka. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kabla ya chakula cha mchana niliona si mzaha. Mgonjwa alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi, na ratiba ilitaka tumtoe damu baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, saa nne, na kuendelea hivyo hadi kesho yake na siku zilizofuata. Muuguzi mmoja alichelewa dakika ishirini, lakini akaandika muda uliopangwa badala ya muda wa kweli. Mkuu wa Maabara alimuuliza mara moja tu, kwa upole, kisha akaichukua ile chupa na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Mgonjwa alikuwa bado amekaa pale na pamba mkononi, akiiangalia damu yake ndani ya ndoo.

Nawaandikia ninyi mnaoingia kazi hii sasa, ambao mashine huwaandikia saa zenyewe. Nitaeleza tulivyofanya kazi, na nitaeleza jambo moja nililolifanya vibaya. Hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuatilia dawa ndani ya mwili. Damu tuliyoichota tuliizungusha kwenye mashine hadi chembe nyekundu zikae chini na maji ya manjano yabaki juu. Maji hayo, yaani plazima, tuliyagandisha, na baadaye yakapimwa ili kujua yana dawa kiasi gani. Kila kipimo kiliwekwa nukta kwenye karatasi, saa zikienda kulia, kiasi kikipanda juu. Ukiunganisha nukta unapata mlima: dawa inapanda, inafika kileleni, inateremka.

Ili kuusoma mlima ule, Mkuu wa Maabara alinifundisha kuugawa mwili katika vyumba. Si vyumba vya kweli. Ukimpasua mtu huvioni. Ni namna ya kufikiri. Chumba cha kwanza ni tumbo na utumbo, ambamo kidonge huingia kwanza. Kutoka humo dawa hupita kwenda chumba cha pili, yaani damu na viungo vinavyofikiwa na damu haraka. Chumba hicho kina mlango wa kutokea, ini na figo. Kwa dawa nyingine unahitaji chumba cha pembeni, ambacho aghalabu ni mafuta ya mwili. Dawa huenda kujificha humo na kurudi kwenye damu polepole, na ndiyo maana mlima wake huteremka kwa kasi mwanzoni halafu ukavuta mkia mrefu.

Sharti kubwa lilikuwa moja. Kasi ya dawa kutoka hulingana na kiasi kilichomo. Ikiwa nyingi hutoka nyingi, ikiwa kidogo hutoka kidogo. Kwa hiyo kila baada ya muda fulani kiasi hupungua nusu, kisha nusu ya hiyo nusu, na kuendelea. Muda huo tuliuita nusu-maisha ya dawa. Ukichora nukta zako kwenye karatasi ya logi, ambayo mistari yake hubanana kadiri unavyopanda, mteremko wote hugeuka mstari mnyoofu.

Nilikuwa na cheti cha sekondari na kozi fupi ya msaidizi wa maabara, basi. Mkuu wa Maabara alinipa kitabu kilichotolewa kopi, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa gunia, nami nikakisoma miaka minne, nikifanya kila zoezi kwa penseli. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama ule mstari mnyoofu. Watu wa kila namna, wanene, wembamba, wazee, waja wazito, niliwaona wakinyooka kwenye karatasi.

Baadaye nilipewa pikipiki nikahamishiwa kazi ya vijijini, tarafa ya Mella, kuwafuatilia wagonjwa majumbani. Dawa ile ilihitaji mafuta ili ipite vizuri kutoka chumba cha tumbo kwenda cha damu, na tuliwaagiza watu waimeze na maziwa au karanga zilizosagwa. Mzee mmoja, mlima wake ulikuwa mfupi mno, kama kichuguu. Nilimfuata kwake.

"Mzee, ulimeza dawa na nini?"

"Na chakula, kama mlivyosema."

"Chakula gani?"

Akanionyesha kwa kidevu chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, na mirija iliyokuwa imeegemezwa ukutani. "Hii ni wimbi. Wimbi si chakula?"

Mkewe akadakia kutoka jikoni, akiniita musawo, yaani daktari, kama wahudumu wote wa afya wanavyoitwa huku. "Mwandikie ukweli, musawo. Alikuwa na wenzake watano hapo. Nashukuru hawakumeza na zile vidonge pia."

Nilicheka nao, nikaandika. Lakini nilipokuwa nikirudi nilikuwa na furaha ambayo leo naiogopa. Karatasi ilikuwa imenieleza alichokifanya yule mzee kabla hajafungua mdomo. Tangu siku hiyo nilianza kuiamini karatasi kuliko mtu, na kwa kuwa mara nyingi karatasi ilikuwa sahihi, hakuna aliyenizuia.

Utafiti ulipokwisha, maabara ilifungwa. Majokofu yalipakiwa kwenye lori, Mkuu wa Maabara akaenda zake, na mimi, baada ya kusomea utoaji dawa, nikapangiwa kituo kimoja cha afya Busia, upande wa Uganda. Dirisha langu lilitazama barabara ya mpakani. Wauguzi waliposikia habari za vyumba walinipa jina la Profesa.

"Profesa, hii panadoli yangu iko chumba gani saa hii?"

"Iko chumba cha kulala," mwingine anamjibu, "ndiyo maana kichwa bado kinauma."

Walitania, lakini waliniuliza. Mtoto akitapika baada ya kumeza, arudie dozi au asirudie? Mama akisahau kidonge cha asubuhi, ameze viwili jioni? Mkuu wa Kituo, tabibu mmoja mwenye haraka na moyo mwema, alikuwa akiona wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mtu mmoja, na alizoea kutoa kichwa mlangoni na kuniuliza idadi ya vidonge. Nilimpa. Miaka kadhaa nilimpa, na watu walipona.

Nabwire alikuwa mchuuzi wa mayai. Alinunua trei upande wetu, akazibeba kichwani, sita zimepangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa kamba ya plastiki, akavuka nazo kwenda soko la upande wa Kenya. Wanawake wengi walifanya biashara hiyo, lakini yeye hakushika mzigo kwa mkono. Alipita katikati ya baiskeli na mikokoteni, mikono yote miwili imeshika simu na chenji, mayai yametulia. Alikuwa na kifafa tangu usichana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la siku aliyoangukia jiko. Kwetu alichukua vidonge vya fenitoini, vitatu kwa siku, na alikuwa na muda mrefu hajaanguka.

Asubuhi moja aliletwa na bodaboda, gauni lote limeganda mayai. Alikuwa ameyumba katikati ya barabara na kumwaga trei zote sita. Mwanamke aliyemshika kutoka nyuma ya pikipiki alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Wanasema amelewa! Sokoni wote wanasema, huyo Nabwire kashinda na waragi tangu asubuhi. Na huyu hata soda hamalizi!"

Hakuwa amelewa. Macho yake yalikuwa yakicheza, yakiteleza upande na kurudi kwa mtetemo, hata alipojaribu kuyatuliza kwenye kidole cha Mkuu wa Kituo. Maneno yalitoka mazito. Alipoambiwa asimame aliitanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Mkuu wa Kituo alimuuliza anatumia dawa gani, na Nabwire, bila kuficha chochote, akafungua pochi akatoa kadi mbili.

Hapa lazima nieleze kwa walio mbali. Sisi wa mpakani karibu kila mtu ana kadi mbili za matibabu. Dawa zikiisha upande huu unavuka, zikiisha kule unarudi. Hata mimi nilikuwa nazo mbili. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuuliza kadi ya ng'ambo, na sisi hatukuuliza, kwa sababu kila mtu alijua na hakuna aliyetaka kusema.

"Hii ya Uganda nakunywa asubuhi," Nabwire alisema polepole, akihangaika na ulimi. "Hii ya Kenya nakunywa jioni. Hii nyeupe ni ya kuanguka. Hii ya rangi ni ya kichwa. Kichwa ilikuwa inauma, nikaenda huko, wakanipa."

Nilichukua ile pakiti. Ilikuwa kapsuli ya rangi mbili yenye jina la kibiashara nisilolizoea. Maandishi madogo ya chini yalisema fenitoini. Alikuwa akimeza dozi mbili za dawa ile ile, sita kwa siku badala ya tatu, kwa wiki saba.

Mkuu wa Kituo alinivuta kando. Tatizo lilikuwa wazi kwetu sote wawili. Tukiendelea kumpa, sumu itazidi. Tukimwachisha kabisa kwa muda mrefu, kifafa kitarudi, na safari hii anaweza asiamke, au aangukie tena moto.

"Profesa. Itatoka lini?"

Nilirudi kwenye meza yangu, nikatoa daftari. Nusu-maisha ya fenitoini nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu: karibu siku moja. Nikachora. Leo kiasi kamili. Kesho nusu. Keshokutwa robo. Siku ya tatu thumuni. Mstari ulinyooka vizuri. Nikaenda kwa Mkuu wa Kituo nikamwambia aachishwe siku tatu, na siku ya nne aanze tena vidonge vyake vitatu, maana wakati huo chumba kitakuwa karibu kitupu.

Siku ya nne Nabwire alikuja na mumewe, Wandera, aliyekuwa mpakiaji mizigo mpakani. Alimshika kiunoni hadi kwenye dirisha langu. Macho yalikuwa bado yanacheza, kidogo tu, nilivyojiambia. Nikamhesabia vidonge.

"Musawo," akasema, "nyumba bado inazunguka."

"Dawa imeshatoka mama. Huo ni uchovu. Hukulala vizuri siku hizi."

"Haijatoka. Mimi naisikia."

Mkuu wa Kituo alikuwa akipita na faili mkononi. Alisimama. "Una hakika, Profesa?"

"Nina hakika, daktari."

Wandera alimwambia mkewe kwa Kisamia amwache musawo afanye kazi yake, kisha akanishukuru. Nakumbuka alinishukuru.

Baada ya siku kumi na mbili walimleta kwenye mkokoteni. Hakuweza kukaa bila kushikwa. Alikuwa ametapika hadi midomo imepasuka. Mkuu wa Kituo akasimamisha dawa, akampigia simu daktari wa hospitali ya rufaa, akaita gari. Mimi nilikwenda kwenye kabati langu, nikatoa kile kitabu cha kopi, na kwa mara ya kwanza nikafungua sura ya tisa. Sura hiyo nilikuwa nimeiruka. Hesabu zake zilinishinda wakati ule, nikaandika pembeni kwa penseli: baadaye.

Sura ya tisa ilikuwa inahusu dawa chache zisizotii lile sharti. Mfano wake wa kwanza, katika mstari wa pili, ulikuwa fenitoini.

Nitaeleza kama nilivyopaswa kujua. Dawa nyingi hutoka kwa kadiri ya wingi wake. Fenitoini hufanya hivyo ikiwa kidogo. Ikizidi, ini hufika mwisho wa nguvu zake. Linafanya kazi kiasi kile kile kila siku, hata dawa ikiwa imelirundikia mlangoni. Hapo hakuna tena nusu. Kuna kiasi kimoja kinachotolewa kwa siku, na kinachobaki kinangoja. Na ukiongeza vidonge vitatu kila siku huku ini linaweza kutoa kidogo tu zaidi ya hivyo, rundo halipungui kwa maana yoyote ya kumsaidia mgonjwa.

Niliinua macho kutoka kwenye kitabu, na nje ya dirisha kulikuwa na msururu wa malori unaongoja kuvuka. Miaka yote nilikuwa nimepita kando yake kila asubuhi. Yawe machache au yawe yamejipanga hadi nje ya mji, meza ya forodha hugonga mihuri ile ile kwa siku. Kila dereva wa Busia anajua kwamba msururu mrefu hauishi nusu kwa siku. Wangeniuliza habari ya malori ningewajibu sawasawa.

Nabwire alikaa hospitali ya rufaa wiki nyingi. Safari hii hakuna aliyehesabu siku. Walingoja macho yatulie ndipo wakamrudishia dawa, kidogo kidogo. Macho yalitulia. Ulimi ulifunguka, ingawa si wote. Miguu haikurudi. Daktari wa kule alitueleza kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa, inayoshika usawa wa mwili, ilikuwa imeumia na haitapona. Nikamuuliza kama imeumizwa na zile wiki saba za kadi mbili au na zile siku kumi na mbili zangu.

"Hakuna anayeweza kugawa," akasema. "Labda zote."

Nimejaribu kugawa. Nimejaza daftari mbili nikijaribu, kwa hesabu za sura ya tisa, ambazo sasa nazijua vizuri kuliko sura zote. Hazigawanyiki.

Wilaya ilitaka ripoti. Mkuu wa Kituo aliniita ofisini, akafunga mlango, akasoma kwa sauti ripoti aliyoiandika. Mgonjwa alitumia dawa za pande mbili za mpaka bila kumwarifu mhudumu, akapata sumu ya dawa.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, daktari."

"Basi tia sahihi. Yako inahitajika, wewe ndiye mtoa dawa."

"Na ile siku ya nne?"

Alivua miwani akajifuta uso. Alionekana mzee. "Siku ya nne iko kichwani kwako na kichwani kwangu. Ikifika wilayani, watakusimamisha wewe kwanza, halafu mimi. Hapo nje kuna watu wangapi kwenye benchi? Toka uwaambie warudi makwao."

Benchi lilikuwa limejaa. Nilitia sahihi. Muhuri ukagongwa. Nakala moja ilibaki kituoni, moja ikaenda wilayani, na moja, kwa kuwa Wandera aliidai, akapewa Wandera. Kabla ya mwaka kwisha nilisikia amemrudisha Nabwire kwao Dabani na kuoa mwingine.

Sikuacha kazi. Nilibadilisha mambo mawili. Kila mgonjwa aliyefika dirishani nilimuuliza kadi ya ng'ambo iko wapi, nikaweka bakuli la plastiki ambamo mtu alimwaga kila dawa aliyo nayo, za pande zote, za dukani na za jirani, tukazisoma moja moja. Foleni ikawa ndefu, watu wakanung'unika. Mama mmoja wa Kikenya alikuwa akinitania kila mwezi: "Leo utanikagua na viatu ama?" Niliwapata wengine watano waliokuwa wakimeza dawa moja kwa majina mawili. La pili, mgonjwa akiniambia jambo lisilolingana na hesabu yangu, niliandika maneno yake kwanza, hesabu chini yake.

Macho yangu yalianza kuharibika nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mtoa dawa asiyeweza kusoma maandishi madogo ya pakiti ni hatari. Niliomba kustaafu mapema. Walinifanyia sherehe ndogo, soda na keki. Mkuu wa Kituo wa zamani alikuwa amekwishahamishwa. Aliyechukua nafasi yake, kijana mstaarabu, alisoma hotuba aliyoandikiwa na wauguzi. Alisema kituo kinampoteza mtu ambaye hesabu yake haikukosea hata siku moja. Wakapiga makofi. Muuguzi mkubwa, ambaye alikuwepo wakati wa Nabwire, alipiga makofi pia, akiangalia sakafu.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Dabani.

Nabwire alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya kaka yake, anamenya karanga, fimbo mbili zimelazwa kando yake. Alinitambua kwa sauti. Nikakataa kiti, nikakaa chini, nikamweleza yote kwa mpangilio: kapsuli, daftari, siku ya nne, sura ya tisa, ripoti. Nilichukua muda. Hakunikatiza.

"Siku ile nilikuambia nyumba inazunguka," alisema nilipomaliza.

"Ulisema."

"Wewe ukaniambia ni uchovu."

"Nilisema hivyo."

Akamenya karanga nyingine tatu au nne. "Mimi nimejua ni mimi. Miaka yote hii. Hata kanisani nilisimama nikaomba msamaha, kwamba nilijiharibu mwenyewe kwa tamaa ya dawa. Watu walisikia."

Alitupa maganda kando.

"Ile ya kadi ni yangu," akasema. "Hiyo sikatai. Hii nyingine ni yako, chukua."

"Nimekuja kuichukua, mama."

"Kwangu utaichukua namna gani? Mimi sikujifukuza. Peleka kwa Wandera."

Nilikwenda nyumbani nikaandika ukurasa mmoja, kwa mtindo wa ripoti, bila kupamba. Dozi, tarehe, nilichoshauri, mgonjwa alichosema, nilichomjibu. Nikatia sahihi. Wandera nilimpata Tororo, ambako siku hizi anapakia mifuko ya saruji kwenye ghala moja. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Kama ni mvi au vumbi sikuweza kujua kwa macho yangu haya. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akasoma taratibu, midomo ikitembea. Akarudi juu akasoma tena.

"Hii ni sahihi yako?"

"Yangu."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile pia yangu."

"Sasa mimi niamini gani, mzee?"

"Mwamini Nabwire. Alipotoa kadi mbili, na aliposema nyumba inazunguka, mara zote mbili yeye alisema kweli."

Aliigeuza karatasi akaangalia nyuma, kisha mbele tena, kama anayetafuta kitu. "Ile ya kwanza ilikuwa na muhuri," akasema. "Hii haina." Akanirudishia. Mwenzake akamwita kutoka juu ya lori, naye akainama, akaweka mfuko begani na kuondoka.

Nilirudi Dabani siku ile ile, kwa sababu nilijua anangoja. Nabwire alikuwa pale pale mkekani.

"Alisoma?"

"Alisoma."

"Yote?"

"Yote, mara mbili."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Alisoma kimya."

Alivuta ungo karibu na magoti yake. "Ile ripoti yenu aliisomea uani kwake, kwa sauti," akasema. "Aliita mpaka majirani."